Gurudumu la Kumbeba Mtu Mzito: Niliyojifunza Kutokana na Spoki Saba Zilizokatika

Nina uzito wa kilo 118, na nikishavaa kofia ngumu, viatu na mkoba wenye maji na vifaa vya matengenezo, baiskeli yangu ya milimani hubeba zaidi ya kilo 124 kabla haijakutana na jiwe la kwanza. Katika msimu mmoja nilikatikiwa na spoki saba za gurudumu la nyuma, nazo zote zilikatika mahali pamoja, pale kwenye kiwiko ambapo spoki hupinda ili iingie kwenye tundu la habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kila mara niliwekewa spoki mpya, ringi ikanyooshwa, na nikaambiwa kwamba gurudumu haliwezi kuuhimili mwili wangu. Niliyaamini maneno hayo, nikanunua gurudumu jingine lililouzwa kwa sifa ya kuwa la kazi nzito, lenye spoki nene na ringi pana, na baada ya miezi minne likaanza kufanya vilevile.

Hapo ndipo nilipoacha kununua na kuanza kusoma, kupima na hatimaye kusuka magurudumu yangu mwenyewe. Nimeshawishika kabisa kwamba mwendeshaji mzito akiuliza tu ni gurudumu gani nene au la bei kubwa zaidi, atakosa jibu la kumfaa. Swali lake la kwanza liwe hili: gurudumu hili litaweza kuzuia spoki zake zisilegee ninapolikalia? Idadi ya spoki, umbo la spoki, ringi, habu, tairi na mkono wa fundi ni njia tofauti za kulijibu swali hilo moja.

Spoki mojawapo kati ya zile saba niliihifadhi. Nilipoitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona kwamba sehemu kubwa ya uso wa mkato ilikuwa laini na iliyofifia, ilhali kipande kidogo cha ukingoni kilikuwa na chembechembe zinazong'aa, kama sukari. Mtu anayefanya kazi na vyuma huitambua alama hiyo mara moja. Ufa ulikuwa umeanza siku nyingi nyuma, ukawa unasonga mbele kidogo kidogo katika kila mzunguko, mpaka chuma kilichobaki kikawa chembamba mno na kukatika kwa ghafla. Kwa hiyo jiwe nililolilaumu siku ile halikuwa na hatia, kwa sababu spoki ilikuwa imekwisha kufa kabla sijalifikia.

Ili kuelewa ufa huo ulianzaje, inafaa tukumbuke kwamba spoki haiwezi kubeba mzigo kwa kusukumwa. Ni uzi wa chuma, na ukiusukuma kwa ncha utapinda tu. Gurudumu husimama kwa sababu spoki zote zimevutwa kwa nguvu tangu siku liliposukwa, zikiivuta ringi kuelekea kwenye habu kutoka pande zote. Mtu anapokaa kwenye baiskeli, ringi hubonyea kidogo sana mahali tairi linapogusa ardhi, na spoki chache zilizo hapo chini hupoteza sehemu ya mkazo wake, ilhali zile za juu na za pembeni hubadilika kidogo tu. Gurudumu linapozunguka, kila spoki hupita chini kwa zamu, hulegea, kisha hukaza tena. Gurudumu la inchi 29 pamoja na tairi lake lina mzingo wa mita 2.3 hivi, maana yake kila kilomita moja ni zaidi ya mizunguko 400, na kilomita 1,000 ni zaidi ya mizunguko 400,000 ya kulegea na kukaza kwa kila spoki.

Chuma huchoka kwa mabadiliko ya namna hiyo kuliko kinavyochoka kwa mzigo uliotulia. Mwendeshaji wa kilo 60 na mimi hatutofautiani katika idadi ya mizunguko, bali katika kina cha kulegea kwa spoki kila inapopita chini. Ikiwa mkazo wa mwanzo ulikuwa mdogo, uzito wangu unaweza kuilegeza spoki kabisa, na hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja: kiwiko hucheza ndani ya tundu la habu, kikapindwa huku na huko, na nipeli, yaani ile nati ndogo inayoshika ncha ya spoki kwenye ringi, hupata nafasi ya kujifungua yenyewe kwa mtetemo. Nipeli ikijifungua, mkazo hupungua tena, na spoki jirani hulazimika kubeba sehemu isiyo yake. Ndiyo maana spoki ya kwanza ikikatika, ya pili haichelewi.

Gurudumu la nyuma lina tatizo zaidi ya hilo. Kwanza, hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji aliyekaa, na hupokea pia nguvu ya mnyororo. Pili, gia huchukua nafasi upande wa kulia, hivyo kisahani cha habu kinachoshika spoki za kulia husukumwa kuelekea katikati. Ili ringi ibaki katikati ya fremu, spoki za kulia, ambazo husimama wima zaidi, ni lazima zivutwe kwa nguvu kubwa kuliko za kushoto. Katika magurudumu mengi ya nyuma, spoki za kushoto huishia kuwa na mkazo wa nusu, au zaidi kidogo ya nusu, ya zile za kulia. Mtu anayekaza upande wa kulia kwa woga huuacha upande wa kushoto karibu ukiwa mtupu, na mwendeshaji mzito atauona upungufu huo ndani ya wiki chache. Nilipolifumua lile gurudumu la pili, nilikuta spoki kadhaa za kushoto ambazo niliweza kuzizungusha nipeli zake kwa vidole bila spana. Ringi yake ilikuwa nzuri na spoki zake zilikuwa nene. Hakuna aliyekuwa amezikaza.

Tuingie sasa kwenye uchaguzi wenyewe, tukianza na idadi ya spoki. Baiskeli nyingi za milimani za siku hizi huja na spoki 28 au 32 kwa kila gurudumu. Kwa mtu aliyezidi kilo 100, mimi huiona 32 kuwa kiwango cha chini cha gurudumu la nyuma, na 36 kuwa chaguo bora kila linapopatikana. Spoki nne za ziada huonekana kuwa kitu kidogo, lakini mzigo ule ule hugawanywa kwa spoki nyingi zaidi hapo chini, pengo kati ya spoki na spoki kwenye ringi hupungua, na spoki moja ikikatika safarini ringi haipindi kiasi cha kugusa fremu. Hekima hii ni ya zamani. Baiskeli za Uingereza za enzi zilizopita zilitengenezwa zikiwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu watengenezaji walijua gurudumu lipi linaumia zaidi, na mpaka leo baiskeli za kuendeshwa na watu wawili husukwa kwa spoki 40 na hata 48. Kwangu mimi, mtu anayemuuzia mwendeshaji wa kilo 120 magurudumu yenye spoki 28 nyuma kwa hoja kwamba ni mepesi hamtendei haki mteja wake.

Ugumu ni kwamba habu na ringi za milimani zenye matundu 36 zimepungua, na mara nyingine mtu hulazimika kuchagua kati ya habu nzuri ya matundu 32 na habu duni ya matundu 36. Katika hali hiyo mimi huchukua ile ya 32, nikafidia kwa spoki bora na usukaji wa uangalifu.

Kuhusu umbo la spoki, hapa ndipo watu wazito wengi, nikiwemo mimi, tunapokosea, kwa sababu akili hutuambia kwamba nene ndiyo imara. Kuna spoki zenye unene mmoja toka kichwani hadi kwenye nyuzi, yaani ile mikato ya skrubu inayoingia kwenye nipeli, kwa kawaida milimita 2.0. Kuna spoki zenye kiuno, ambazo zina milimita 2.0 kwenye ncha zote mbili na milimita 1.8 katikati. Na kuna zenye vipimo vitatu, ambazo kiwiko chake kina milimita 2.3 hivi, kiuno 1.8, na upande wa nyuzi 2.0. Ukipiga hesabu ya eneo la chuma, kiuno cha 1.8 kina chuma pungufu kwa asilimia 19 kuliko 2.0, na kwa sababu hiyo hurefuka karibu asilimia 23 zaidi kikivutwa kwa nguvu ile ile. Mvutiko huo ndio faida yenyewe. Spoki iliyorefuka zaidi wakati wa kukazwa ina akiba kubwa zaidi ya kurudi kabla haijalegea kabisa, na ringi inapobonyea, mabadiliko hupokelewa na kiuno kirefu badala ya kurundikana kwenye kiwiko na kwenye nyuzi, mahali ambapo nyufa huanzia. Spoki nene isiyo na kiuno ni ngumu, hivyo ringi ikibonyea kidogo tu, hupoteza mkazo wake haraka na kiwiko kikaumia.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa gurudumu la nyuma ni spoki zenye kiuno, na uzito ukizidi kilo 110 hivi, zile za vipimo vitatu, ambazo kiwiko chake cha milimita 2.34 kina chuma zaidi ya theluthi moja kupita kile cha milimita 2.0, ilhali kiuno chake kinabaki na ule mvutiko. Sharti ni kuhakikisha matundu ya habu yanaweza kuipokea. Spoki isilazimishwe kuingia kwa nyundo, wala isiogelee ndani ya tundu. Kiwiko kinapaswa kulala sawasawa dhidi ya kisahani cha habu, na spoki inayotokea upande wa nje huhitaji kubonyezwa kwa kidole gumba ili ifuate mwelekeo wake badala ya kuchomoza kama tao. Niliwahi kulipuuza jambo hilo dogo katika gurudumu langu la kwanza kusuka, na kila nilipoendesha ndivyo spoki zilivyojinyoosha zenyewe na mkazo ukapungua.

Nipeli ziwe za shaba ya njano. Zile za alumini hupunguza gramu chache, lakini kona zake huliwa na spana mkazo unapokuwa mkubwa, na baada ya miaka michache ya maji na matope hushikana na spoki kiasi cha kupasuka unapojaribu kuzizungusha.

Ringi ndiyo inayoamua spoki zitaruhusiwa kuvutwa kiasi gani, maana kila ringi ina kikomo chake cha mkazo ambacho mtengenezaji hukitaja. Kwa mtu mzito, ringi ya alumini yenye kuta mbili ni sharti, kwa kuwa ule uwazi kati ya kuta mbili huifanya isipinde kirahisi kuelekea chini, na ringi isiyobonyea kirahisi hugawa mzigo kwa spoki nyingi zaidi. Ringi za inchi 29 zenye uzito wa gramu 400 hivi zilifikiriwa kwa ajili ya mashindano na watu wepesi. Mimi hutafuta zile za gramu 500 hadi 600, hasa nyuma, na sijawahi kuujutia uzito huo ninapopanda mlima. Upana wa ndani wa milimita 25 hadi 30 unatosha kwa matairi ya inchi 2.3 hadi 2.6. Upana mkubwa zaidi bila unene wa ukuta hauongezi uimara, kwa sababu kingo huwa mbali zaidi na hupigwa na mawe kwa urahisi zaidi. Itazame pia ringi yenyewe kwa karibu kabla ya kulipa: pitisha ukucha kwenye kiungo chake, uhakikishe hakuna ngazi, na angalia matundu ya nipeli yamechomwa kwa mwelekeo wa spoki na yana chuma cha kutosha kuyazunguka. Katika ringi dhaifu, nyufa nyembamba huanza hasa hapo, zikitoka tunduni kama miale.

Kuhusu nyuzi za kaboni, nitasema kidogo tu. Ringi nzuri ya kaboni ni ngumu na hukaa imenyooka kwa muda mrefu, jambo linalomsaidia mtu mzito, lakini alumini ikigongwa hubonyea na kukupa onyo, na mara nyingi unaweza kurudi nayo nyumbani, ilhali kaboni ikizidiwa hupasuka. Kwa fedha ile ile, ninapendelea kuwa na ringi ya alumini, spoki bora, na kiasi cha kubaki kwa ajili ya habu.

Habu ya nyuma inastahili fedha hizo. Baiskeli nyingi za bei nafuu hutumia habu ambayo friwili yake, yaani seti ya gia za nyuma, hufungwa kwa nyuzi za skrubu. Katika muundo huo gololi za upande wa kulia hukaa ndani, mbali na fremu, na ekseli ya milimita 10 hubaki ikining'inia bila msaada kwa urefu wote wa friwili. Chini ya mtu mzito ekseli hiyo hupinda, na mara nyingi hukatika kabisa. Dalili yake ni gurudumu linaloyumba ingawa ringi imenyooka, au gololi zinazolegea kila wiki. Hakuna kiasi cha kukaza kitakachoponya hilo. Suluhisho ni habu ambayo mwili wake wa kushikia gia umebeba gololi za kulia hadi karibu na ukingo wa fremu, na iliyo bora zaidi ni ile inayotumia ekseli nene ya milimita 12 inayopenya kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine.

Upana wa habu una maana pia, ila uangaliwe kwa makini, kwa sababu namba zinaweza kupotosha. Habu ya milimita 142 ikilinganishwa na ile ya zamani ya 135 huonekana pana zaidi, lakini nyongeza hiyo ni ya ncha za ekseli tu, na visahani vinavyoshika spoki vimebaki palepale. Habu ya milimita 148 ndiyo iliyovisogeza visahani hivyo nje, milimita tatu kila upande, na spoki zikapata mlalo mzuri zaidi wa kuizuia ringi isiyumbe. Fremu ndiyo inayoamua habu ipi itaingia, kwa hiyo mtu anayenunua baiskeli mpya na kujijua kuwa mzito ana sababu ya kuitafuta fremu ya 148.

Ndani ya habu kuna kile kifaa kinachong'ata unapokanyaga pedali na kuteleza unapoacha. Mwendeshaji mzito anayepanda mlima kwa gia nyepesi hukipa nguvu kubwa sana, na meno madogo au vibawa vyembamba vikikosa kung'ata sawasawa, mguu huanguka ghafla na goti hugonga usukani. Epuka habu inayosifiwa kwa wingi wa meno yake tu. Meno machache yaliyo makubwa na yanayong'ata yote kwa pamoja yamenifaa kuliko meno mengi madogo.

Ukubwa wa gurudumu nitaupitia kwa haraka. Spoki fupi hutengeneza gurudumu gumu zaidi, kwa hiyo gurudumu la inchi 27.5 huwa imara kuliko la 29 vitu vingine vyote vikiwa sawa. Fremu nyingine huruhusu 29 mbele na 27.5 nyuma, na mpangilio huo unamfaa mtu mzito. Hata hivyo nisingebadilisha baiskeli kwa sababu hiyo pekee.

Tairi, kwa upande mwingine, linastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya gurudumu, kwa sababu ndilo linalopokea pigo kabla ya ringi. Mtu wa kilo 118 anayetumia tairi jepesi la inchi 2.1 atalazimika kulijaza upepo mpaka liwe gumu kama mbao, ili ringi isigonge mawe, na ugumu huo huupeleka mtikisiko wote kwenye spoki. Tairi la inchi 2.4 hadi 2.6 lenye kuta nene huweza kubeba uzito uleule kwa upepo mdogo zaidi na kuumeza mtikisiko. Mimi hutumia matairi ya inchi 2.5 bila tyubu, nikiweka paundi 26 kwa inchi mraba mbele na 30 nyuma, na hupima kwa kipimo kila ninapotoka, kwa sababu kidole gumba hakiwezi kutofautisha 30 na 24, ilhali ringi hulijua hilo mara moja. Nikikuta alama ya kugongwa kwenye ukingo wa ringi, naongeza paundi mbili kabla sijafikiria kitu kingine.

Kumbuka vilevile kusoma kikomo cha uzito kinachotajwa na mtengenezaji wa magurudumu, na usome sentensi nzima. Wengine hutaja uzito wa mwendeshaji peke yake, wengine hutaja jumla ya mwendeshaji, baiskeli na mizigo. Kwa mwili wangu, tofauti ya tafsiri hizo mbili ni zaidi ya kilo 20, na kikomo cha kilo 120 kinachohesabu kila kitu kinaniacha nje.

Nimeuacha usukaji mwishoni kwa sababu ndio ninaouthamini kuliko vyote. Habu, ringi na spoki zile zile zinaweza kuwa gurudumu la miaka kumi au gurudumu la miezi minne, kutegemea mikono. Kwa breki za diski, pande zote mbili na magurudumu yote mawili zisukwe kwa kupishanisha, kila spoki ikipita nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi, kwa sababu nguvu ya kufunga breki hutoka kwenye diski, ikapita kwenye habu na spoki hadi kwenye tairi, na spoki zilizonyooka moja kwa moja kutoka katikati haziwezi kuipokea nguvu hiyo ya kuzungusha. Baada ya kusuka huja kazi ya kukaza kwa mzunguko, robo ya mzunguko wa spana au pungufu kila mara, huku nikiangalia kama ringi imenyooka kushoto na kulia, kama ni duara kamili juu na chini, na kama ipo katikati ya ekseli. Upande wa kulia wa nyuma huufikisha kwenye mkazo wa kilo 110 hadi 120 kwa kila spoki, mradi mtengenezaji wa ringi ameuruhusu. Lengo ni kuukaribia ule mkazo unaoruhusiwa, maana kila kilo unayoiacha kwa woga upande wa kulia unaipoteza pia upande wa kushoto.

Kipimo cha mkazo ni kifaa kinachostahili kununuliwa, lakini sikio nalo husaidia sana. Nikizigusa spoki za upande mmoja kwa ukucha, moja baada ya nyingine, zinapaswa kutoa sauti moja, kama nyuzi za ala zilizolinganishwa. Ile inayotoa sauti nzito imelegea, ile ya sauti nyembamba imezidishwa. Ringi inaweza kuwa imenyooka vizuri machoni huku spoki mbili jirani zikivutana, moja ikiwa imekaza mno na nyingine imelegea, na gurudumu la namna hiyo litakatika kwenye ile iliyolegea. Nikilazimika kuchagua, naukubali mtikisiko wa nusu milimita kwenye ringi yenye mkazo ulio sawa kuliko ringi iliyonyooka kabisa kwa mkazo usio sawa.

Kisha kuna hatua ambayo magurudumu mengi yanayosukwa kwa mashine hayaipati ipasavyo. Navaa glavu, nashika jozi za spoki zinazokaribia kwenda sambamba, mbili upande huu na mbili upande wa pili, nazibana kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote, kisha nasogea kwenye jozi inayofuata hadi nimalize gurudumu zima. Mara ya kwanza husikika milio midogo ya vitu vinavyokaa mahali pake: viwiko vinajilaza kwenye habu, spoki zilizokuwa zimejisokota pamoja na nipeli zinajifungua. Kubana huko huvivuta viwiko kupita kiwango ambacho safari itavivuta, na ule msongo uliobaki ndani ya chuma tangu kilipokunjwa kiwandani huondoka. Baada ya hapo mkazo huwa umeshuka, nami narudia kukaza na kubana mpaka kipimo kiache kushuka. Kwa gurudumu langu la nyuma kazi hiyo ilichukua mizunguko minne.

Mtu asiyetaka kusuka mwenyewe anaweza kununua gurudumu zuri lililokwisha kusukwa, kisha akampelekea fundi mwenye kipimo kabla hajalipanda, amwombe alisawazishe mkazo na kulibana. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na spoki saba. Na ikiwa gurudumu la zamani limeshakatika spoki tatu au zaidi kwenye kiwiko, usiendelee kuweka moja moja. Zilizobaki zimepita mizunguko ile ile na zina nyufa zile zile. Badilisha spoki zote, na kama ringi na habu ni nzima, uzitumie tena.

Gurudumu nililonalo sasa lina spoki 32 za vipimo vitatu, nipeli za shaba, ringi ya alumini ya gramu 560 na habu ya milimita 148. Nimelipeleka kilomita 3,400, nyingi zikiwa za mawe na mizizi. Baada ya safari mbili za mwanzo nililirudisha kwenye stendi na kukuta nipeli mbili za kushoto zimelegea kidogo, nikazikaza, na tangu hapo huzigusa spoki zote kwa ukucha mara moja kwa mwezi nikisikiliza. Nimeinyoosha ringi mara moja tu, baada ya kuipiga kwenye ngazi ya jiwe tairi likiwa limepungua upepo. Spoki zote 32 bado ni zile za siku ya kwanza. Tatu za akiba, moja kwa kila urefu unaohitajika nyuma kulia, nyuma kushoto na mbele, nimezifunga kwa utepe chini ya bomba la fremu, na utepe huo haujafunguliwa.